Onyesha Simu Yako Kwenye TV: Msaada kwa Wazee na Wagonjwa Nyumbani

Leo katika safu yetu ya afya nitazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi tu: namna ya kuifanya picha iliyo kwenye simu yako ionekane kwenye TV ya sebuleni.

KWA NINI NI JAMBO LA AFYA?

Siku hizi hospitali nyingi huku ughaibuni huonana na wagonjwa kwa video, na barua za miadi na maelekezo ya dawa huja kwenye simu. Sasa mfikirie mama wa miaka 70 aliyeletwa na wanawe kutoka nyumbani, ana kisukari na presha. Anapewa simu amwone daktari na asome dozi yake. Haoni vizuri, anaona haya kusema, basi anaitikia tu "ndiyo, ndiyo". Mazungumzo yakiisha hajui kama ameambiwa ameze kidonge kimoja au viwili. Kwa baadhi ya dawa za kisukari kosa kama hilo ni la hatari, kwani sukari ikishuka mno mtu huweza kupoteza fahamu.

Ipo sababu ya kimaumbile. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, ikashindwa kujirekebisha kuona vitu vya karibu. Ndiyo maana watu wazima husoma gazeti wakilisogeza mbali. Simu hushikwa sentimita 30 au 40 kutoka usoni, na hapo ndipo penye taabu. TV iko mita 2 au zaidi, mahali ambapo wengi wao bado wanaona vizuri. Pia mtu akitazama TV hainamishi shingo, jambo ambalo ni nafuu kwa wenye maumivu ya shingo na mabega.

NJIA YA KWANZA: WAYA

Angalia nyuma au ubavuni mwa TV, utaona tundu lililoandikwa HDMI. Utahitaji waya wa HDMI na adapta inayoingia kwenye simu. iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizofuata zina tundu la USB-C. Zile za kabla yake, kuanzia iPhone 5, zinatumia adapta ya Lightning. Simu nyingi za Android zina USB-C, lakini si zote zinazoweza kutoa picha kwa waya, hasa za bei nafuu. Muulize muuzaji kwa kumtajia jina kamili la simu yako kabla hujalipa.

Ukishaunganisha, chukua rimoti, bonyeza "Source" au "Input", chagua HDMI yenye namba ile ile ya tundu ulilotumia. Waya hauchelewi wala hautegemei nguvu ya waifai. Ila upitishe kando ya ukuta. Mzee akijikwaa akavunjika nyonga, tutakuwa tumetibu jambo moja na kuleta jingine.

NJIA YA PILI: BILA WAYA

Hakikisha simu na TV ziko kwenye waifai moja ya nyumbani.
1. iPhone: fungua kituo cha udhibiti kwa kuvuta kioo chini kutoka pembe ya juu kulia (zenye kitufe cha duara, vuta juu kutoka chini). Gusa alama ya mistatili miwili, "Screen Mirroring", kisha jina la TV. TV iwe inakubali AirPlay, au iwe na kisanduku cha Apple TV.
2. Samsung: vuta kioo chini, gusa "Smart View", chagua TV.
3. Android nyingine: tafuta "Cast" au neno linalofanana nalo. Kama TV yako ni ya zamani lakini ina HDMI, kifaa kidogo kama Chromecast kitasaidia.
TV ikionyesha namba za siri, ziandike kwenye simu.

UNAPOONGEA NA DAKTARI

Kamera na maiki hubaki kwenye simu. Kwa hiyo iegemeze simu mbele ya mgonjwa, usawa wa uso wake, mwanga ukitoka mbele yake. Sauti ikijirudia, punguza ya TV. Fanyeni majaribio siku moja kabla ya miadi.

Njia hii inafaa pia kwa mazoezi ya viungo baada ya kiharusi au upasuaji wa goti, na hata kusoma chupa ya dawa: fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye maandishi, nayo yatatokea makubwa kwenye TV.

TAHADHARI

Kila kilicho kwenye simu huonekana. Zima taarifa za meseji, na usifungue majibu ya vipimo wageni wakiwepo. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, hata akiwa mama yako. Muulize kwanza nani akae sebuleni.

Msimtumie mtoto kuwa mkalimani eti kwa sababu yeye ndiye anayejua simu. Uingereza, huduma za NHS hutoa mkalimani bila malipo. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kufanya hivyo. Ombeni mapema mnapopanga miadi.

Na macho yakififia ghafla, TV kubwa si dawa. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika au kifua kikibana, msingoje miadi ya video. Pigeni 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman.

Wikiendi hii mkipata nafasi, kaeni na wazee mjaribu pamoja. Nawatakia afya njema.

Ni mimi muuguzi wenu.