Jibini ya korosho: usirudie kosa langu

Wadau, chizi isiyo na maziwa inauzika. Wateja wangu wengi ni Wasabato wasiogusa nyama wala maziwa, na wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo.

Natumia korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa, zile za vipande. Bei iko chini kuliko nzima, na kwa kuwa unasaga, nani ataona? Loweka vikombe 2 usiku kucha, mwaga maji, suuza. Saga na maji safi nusu kikombe, juisi ya limao vijiko 3, kitunguu saumu punje 1 na chumvi kiasi. Hapa usiwe na haraka. Zima blenda, kwangua pembeni, saga tena mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga. Blenda ikipata moto ipumzishe, usije ukaiunguza kama mimi.

Sasa kosa lenyewe. Mteja wa Dodoma aliagiza vikopo 6, nikatuma kwa basi kutoka Dar bila barafu. Vilifika vimevimba, vinanuka. Nikarudisha hela yote, na mteja hajarudi hadi leo. Nilidhani limao litailinda. Wapi! Hii ni ya friji, siku 4 hivi basi. Siku hizi nasaga usiku kwa oda tu, boda anapeleka asubuhi, hapahapa mjini.

Kwenye lebo weka tarehe, na neno KOROSHO liwe kubwa. Kuna watu wana aleji nayo, na inaweza kuua. Mteja akiuliza, "Ina karanga?" usijibu "Hapana" ukanyamaza. Mwambie ina korosho.