Goma: Tapi ya dushi, kitu kidogo kinachoweza kuangusha mtu mzima

Mwaka uliopita koko wetu, mama mzaa mama, alianguka mlangoni mwa dushi. Sakafu haikuwa na sabuni. Alikanyaga tapi, tapi ikateleza, naye akaenda nayo. Mkono ulivunjika, na kwa wiki sita hakuweza kujifunga kitenge bila kusaidiwa. Tulipoinua ile tapi tukaona sababu: mpira wa chini ulikuwa umekauka na kumegeka kama unga, na sehemu iliyobaki ilikuwa na utando mweusi wa kuvu. Si kwamba hatukuwa tunaifua. Tulikuwa tunaifua kila Jumamosi, tena kwa nguvu, kwa maji ya moto na Javel. Kumbe tulikuwa tunaiharibu sisi wenyewe.

Katika nyumba nyingi za Goma, tapi ya dushi ni kitu cha mwisho kufikiriwa. Maji ni ya kutafuta, na wakaaji wengi huyabeba kwa bidoni za lita 20, mgongoni au juu ya chukudu. Mama mwenye bidoni tatu kwa siku atapika, ataogesha watoto, ataosha vyombo, na tapi itangoja. Lakini ndicho kitambaa ambacho kila mtu wa nyumba anakikanyaga kwa miguu yenye maji. Wakati wa mvua, toka Septemba hadi Mei, kinaweza kukaa wiki nzima bila kukauka. Unyevu, giza na mabaki ya sabuni ndivyo kuvu inavyohitaji ili iote. Tapi ya namna hiyo hunuka, huteleza, na inaweza kupitisha kuvu ya vidole vya miguu kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Jua kwanza tapi yako ni ya aina gani

Geuza tapi na uangalie chini. Kama ni kitambaa cha pamba pande zote mbili, mfano wa taulo nzito, hiyo ni rahisi: inavumilia maji ya moto, inasuguliwa na kukamuliwa. Kama ina mpira chini, itunze zaidi. Maji ya moto sana na Javel hukausha ule mpira hadi unapasuka. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Kama ndani yake kuna sponji, usiikamue kwa kuisokota, kwa sababu sponji huchanika ndani na hairudi. Ikandamize kwa viganja mpaka maji yatoke. Ile ya plastiki tupu, inayowekwa pale mtu anaposimama kuogea, huhitaji burashi tu, hasa upande wa chini ambako utelezi hujificha.

Bidoni moja inatosha

Anza na tapi ikiwa kavu. Ikung'ute nje ili nywele na vumbi vitoke. Vikilowa vinashika kabisa. Mimina lita 8 hivi ndani ya beseni, weka sabuni ya unga kidogo, kisha loweka tapi kwa nusu saa. Ile ya mpira isizidi hapo. Sugua upande wa juu kwa burashi laini, halafu upande wa chini kwa kitambaa. Suuza mara mbili, lita 6 kila mara. Hesabu yake ni lita 20, bidoni moja.

Maji ya kufulia usiyamwage mbali. Yasugulie sakafu ya dushi, kisha yale ya kusuuzia yatumie chooni. Tapi ikirudishwa juu ya sakafu chafu, kazi yote imepotea.

Kufua mara moja kwa wiki kunafaa kwa nyumba yenye watu wengi. Lakini kinachookoa tapi zaidi ni kitu kisicho na gharama: kila aliyemaliza kuoga aiinue na kuitundika. Tapi iliyolala chini hukauka upande mmoja tu.

Maji ya ziwa na sabuni

Wengi wanalalamika kwamba tapi na taulo zao zinakuwa ngumu kama gunia hata zikiwa safi. Sababu moja ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini, hasa magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo haitoi povu vizuri, bali inatengeneza utando mweupe unaobaki ndani ya nyuzi. Mtu akiona povu halitoki anaongeza sabuni, na utando unazidi.

Dawa yake ni kupunguza sabuni, kutumia ya unga badala ya ya kipande, na kusuuza vizuri. Maji ya mvua ni mazuri zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa hayana madini hayo. Acha mvua ya dakika za kwanza ioshe mabati, maana juu yake kuna vumbi na wakati mwingine majivu ya Nyiragongo, ndipo utege beseni. Kwa tapi ya pamba isiyo na mpira, nusu glasi ya siki katika maji ya mwisho husaidia kuondoa ule ugumu.

Hapa kuna onyo moja: usichanganye Javel na siki, ndimu, wala dawa nyingine ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na ndani ya dushi isiyo na dirisha mtu anaweza kukosa pumzi.

Usianike juu ya mawe

Mjini Goma kila kiwanja kina mawe meusi ya volkano, na ni rahisi kutupa tapi juu ya ukuta na kuondoka. Mawe hayo hushika joto kali saa za mchana na yana meno. Joto hupasua mpira, na meno hukwangua nyuzi. Tundika tapi kwenye kamba. Ya pamba inaweza kukaa juani siku nzima, maana jua husaidia kupunguza vijidudu. Ya mpira ianikwe kivulini penye upepo, upande wa mpira ukiwa nje.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Kipindupindu si jambo geni kwetu. Wazee bado wanakumbuka Julai 1994. Mtu akianza kuharisha, ondoa tapi dushini na chooni mpaka apone. Ikiwa imechafuka, usiipeleke ziwani wala kwenye bomba ambako wengine wanachota maji ya kunywa. Iloweke peke yake ndani ya maji yenye Javel kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hata kama mpira utaharibika. Afya ni mbele ya tapi. Mwaga maji hayo chooni, si mtaroni, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Wakati wa kuachana nayo

Kunja kona ya tapi. Mpira ukipasuka au ukiacha unga mkononi, umekufa. Halafu iweke juu ya sakafu yenye maji na uisukume kwa mguu. Ikiteleza, usingoje mtu aanguke. Unaweza kukata sehemu nzima ukaifanya kitambaa cha kufutia miguu nje, mahali pakavu.

Tapi mpya si lazima. Sisi tulikunja taulo la zamani mara mbili na kulishona pembeni. Kwa kuwa taulo peke yake huteleza pia, tulishonea chini vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Tukatundika na kamba ukutani, kwa urefu ambao koko anaufikia bila kujinyoosha. Mkono wake umepona, ingawa asubuhi za baridi bado unamuuma. Anaingia dushini mwenyewe sasa, lakini kabla ya kukanyaga taulo hulijaribu kwanza kwa ncha ya mguu. Watoto nao wameanza kufanya hivyohivyo.