Kutoka New York Hata Bukura: Jinsi ya Kuhesabu Safari ya Eropleni

Si ajabu siku hizi kukuta jamaa wa Bukura, katika Kaunti ya Kakamega, ambao mwana wao anasoma au kufanya kazi Marekani. Msiba ukitokea nyumbani, wazee huuliza kwanza: "Atafika lini?" Jibu la haraka huweza kuharibu mipango ya mazishi, kwani katika hesabu hiyo yamo mambo manne: umbali, upepo, jua na barabara.

Umbali kati ya New York na Nairobi ni karibu kilomita 11,800, yaani zaidi ya maili 7,300. Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kuchukua barua kutoka London hata Ziwa la Victoria, na Kisumu ikiwa kituo kimojawapo, safari ilichukua zaidi ya juma moja, ijapokuwa London si mbali kama New York. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi na New York bila kutua njiani. Kwenda huchukua karibu saa 15, na kurudi karibu saa 14.

Tofauti hiyo yaletwa na upepo. Juu sana angani huvuma upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Eropleni iendayo Marekani hupambana nao. Ile irudiyo Afrika husukumwa nao.

Jambo la tatu ni jua, ambalo huchomoza Kenya mapema kuliko New York. Wakati wa baridi kule, saa za Nairobi hutangulia kwa saa nane. Kuanzia Machi hata mwanzo wa Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa saba.

Basi tuseme ni mwezi wa Januari, na msafiri aondoka New York Jumatatu saa sita mchana. Wazee wakiongeza saa 14 tu, watamtazamia Nairobi saa nane usiku. Sivyo. Lazima waongeze na zile saa nane za jua. Atatua Jumanne saa nne asubuhi.

Hapo bado barabara. Atakaguliwa pasi na kungoja mizigo yake. Akipata nafasi katika eropleni ya Kisumu, atasafiri kwa muda usiozidi saa moja, kisha atafute gari la Bukura. Akipanda basi kutoka Nairobi, atakaa njiani saa saba au nane, na huenda akafika usiku.

Kwa hiyo yafaa wazee wamwulize msafiri siku na saa ya kutua Nairobi, si saa ya kuondoka Marekani, kabla ya kutangaza lolote. Mazishi yakipangwa Jumatano, mwana atawahi kumtupia mzazi wake udongo. Yakipangwa Jumanne, atakuta kaburi limekwisha kufunikwa.