UKAGUZI WA DOHANI

Nyumba za visiwa vyetu hazina haja ya dohani. Lakini ndugu zetu waliohamia nchi za baridi hukoka moto ndani ya nyumba, na yatupasa tuwakumbushe kwamba dohani isiyokaguliwa ina hatari mbili: masizi yaliyogandamana ndani yake huweza kushika moto, na ikiziba hurudisha chumbani kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Huko Marekani, kanuni ya NFPA 211 imegawa ukaguzi katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la kila mwaka, kwa nyumba ambayo hakikubadilika kitu. Mkaguzi hutazama sehemu zinazofikika kwa urahisi. La pili hutakiwa nyumba inapouzwa, aina ya kuni au mafuta inapobadilishwa, au baada ya moto kuwaka dohanini au tetemeko la ardhi. Hapo mkaguzi huingia darini na hupitisha kamera ndani ya dohani. La tatu huweza kubomoa sehemu ya ukuta, nalo halifai ila pale ukaguzi uliotangulia ulipoonyesha dalili ya hatari iliyofichika.

Basi mwenye nyumba asichague kwa urahisi wa bei, wala kwa maneno matamu ya fundi. Ajiulize: ni kipi kilichobadilika? Anunuaye nyumba akatosheka na daraja la kwanza anahatarisha watoto wake. Akubaliye kubomolewa bila dalili anapoteza mali yake bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza uone ufa.