Kinundu cha Pajani Miezi Baada ya Chanjo

Mama anapandisha gauni la mtoto na kunionesha paja. Kuna kinundu kigumu, kidogo kama punje ya haragwe, na ngozi ya juu yake imekuwa nyeusi kwa kukunwa. Sindano ya mwisho mahali hapo alichomwa miezi mingi iliyopita. "Daktari, mlimchoma nini?" Ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu kamili.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua shabu. Ukiikoroga kwenye ndoo ya maji yenye tope, tope hujikusanya likatua chini. Shabu ni chumvi ya alumini. Mwaka 1926 mtafiti Mwingereza, Alexander Glenny, aligundua kwamba sumu ya dondakoo iliyokwisha kudhoofishwa, ikichanganywa na shabu, huamsha kinga ya mwili kwa nguvu kubwa zaidi. Chumvi za aina hiyo, kwa kiasi kidogo sana, zimo hadi leo katika chanjo ya Penta na katika chanjo ya nimonia, zile ambazo watoto wetu huchomwa mapajani wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Kwa watoto wachache, ngozi huipokea alumini vibaya: chembe za kinga huizunguka pale ilipobaki, na kinundu huota. Huo ni mzio wa polepole. Huko Göteborg, Sweden, watafiti waliofuatilia watoto takriban 76,000 waliochanjwa miaka ya 1990 walikuta mamia wenye vinundu vya namna hii, na zaidi ya robo tatu ya waliopimwa ngozi walikuwa na mzio wa alumini. Mwasho huzidi mtoto akipata mafua au homa, na ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni ugonjwa mpya. Huchukua miaka, lakini hufifia. Sindano ikizama vizuri hadi kwenye msuli badala ya kuishia chini ya ngozi, uwezekano wa kinundu hupungua.

Naumia ninapoona paja lililopasuliwa kwa wembe nyumbani, au lililochubuka kwa krimu ya kuchanganya ya sokoni. Usikamue, usikande kwa maji ya moto. Mkate mtoto kucha, na umwombe daktari krimu ya kutuliza mwasho. Kinundu kikiwa cha moto, chenye maumivu na usaha, hilo ni jipu, mpeleke hospitali.

Mzio wa ghafla ni jambo tofauti kabisa, na ni nadra mno: ndani ya dakika chache mabaka yaliyovimba hutapakaa mwilini, midomo huvimba, mtoto hupumua kwa shida. Hapo anahitaji adrenalini papo hapo, kwa hiyo muuguzi akikuambia ukae kwenye benchi kidogo kabla ya kuondoka, kaa.

Huyu mama wa kinundu alikuwa ameacha kliniki kwa hofu, na mtoto alipitwa na chanjo ya surua na rubella ya miezi 9. Chanjo hiyo haina alumini hata chembe. Nilimwonesha tarehe kwenye kadi, tukavuka ukumbi pamoja hadi chumba cha chanjo.