Mwanya Usiozibwa Chini ya Dirisha

Dirisha la mbao lenye gamba la alumini lina nyuso mbili. Aliye chumbani huona mbao. Anayepita nje huona alumini iliyopakwa rangi, ambayo kazi yake ni kuikinga mbao hiyo dhidi ya jua na mvua. Madirisha na milango ya aina hii imeenea sana Skandinavia. Anayejenga nyumba ya mbao kando ya Ziwa Naivasha na kuyachagua huwa amenunua kitu kizuri, lakini maisha ya kitu hicho yataamuliwa na sentimita chache za ukuta unaokizunguka.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hupita nyuzi 25, na usiku wa baridi hukaribia 10. Alumini ya rangi nzito iliyopigwa na jua la alasiri inaweza kuizidi hali yake ya alfajiri kwa nyuzi 40, na kwa tofauti hiyo kipande cha mita 2 hurefuka karibu milimita 2. Mbao iliyo nyuma yake haifuati mwendo huo. Yenyewe huvimba kwa upana inapofyonza unyevu na hunywea inapokauka. Ndiyo maana gamba halipigiliwi misumari kwenye fremu: hushikwa na vibanio vinavyoliruhusu kuteleza, na kati ya mbao na alumini huachwa nafasi ndogo ya hewa. Usiku anga likiwa wazi, gamba hilo hupoa kuliko hewa inayolizunguka na umande hutanda hata upande wake wa ndani. Kwa hiyo maji hufika nyuma ya gamba hata katika mwezi usio na tone la mvua.

Chini ya dirisha, pale kizingiti kinapokutana na mbao za ukuta wa nje, fundi anayeijua kazi hii huacha mwanya wa kama milimita 10 bila kuuziba. Mwenye nyumba akiuona, huudhani uzembe. Siku moja mtu mwenye nia njema huja na mkebe wa silikoni akaujaza. Tangu hapo maji yaliyoingia hayana pa kutokea, na mbao huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki.

Fundi wa kazi hii hufanya hesabu yake akijua kwamba maji yataingia. Mvua za Machi hadi Mei zikiletwa na upepo, hewa inayoukandamiza ukuta husukuma maji kupitia tundu lolote, hata dogo kiasi gani. Mbao za nje basi hazigandamizwi ukutani. Hupigiliwa juu ya fito za wima zenye unene wa milimita 20 hadi 25, ili hewa iingie chini, ipande nyuma ya mbao na kutokea juu. Fito zikilazwa ili mbao zisimame wima, njia ya hewa hukatika, na hapo huhitajika safu mbili za fito zinazopishana. Dirisha nalo hukata njia hiyohiyo katikati ya ukuta. Hewa inayopanda kutoka chini lazima ipate pa kutokea chini ya kizingiti, na iliyo juu ya dirisha lazima ianze safari upya. Mwanya ule wa milimita 10 ni mlango wa hewa na mfereji wa maji kwa wakati mmoja.

Mpangilio wa vizuizi vya maji huanzia chini, kama mabati ya paa. Kwanza huwekwa bati lililokunjwa chini ya fremu, likiinamia nje, na kingo zake za nyuma na za pembeni zikiwa zimeinuliwa. Kisha huja karatasi za kando, na mwisho bati la juu, ambalo ukingo wake hufichwa nyuma ya karatasi ya kuzuia maji inayofunika ukuta. Fundi akigeuza mpangilio huu, hakuna gundi itakayomwokoa. Bati lisiwe la shaba: maji yanayotiririka juu ya shaba hula alumini, na gesi ya salfa inayotoka kwenye mivuke ya jotoardhi ya Olkaria, jirani na ziwa, huisumbua shaba yenyewe. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo zisiguse gamba moja kwa moja, wala saruji mbichi isiachwe juu yake.

Kuziba kuna mahali pake. Upande wa chumbani, pengo kati ya fremu na ukuta huzibwa kabisa ili hewa yenye mvuke wa jikoni na wa pumzi za waliolala isipenye ndani ya ukuta. Kwa nje, silikoni hupigwa pembeni tu, na nyuma yake hutangulizwa kamba ya povu ili ishike pande mbili, isishike na mgongo. Ikishika pande tatu hupasuka haraka. Silikoni inayovumilia mwendo wa asilimia 25 huhitaji pengo la milimita 8 ili kuhimili zile milimita 2 za alumini. Uzi mwembamba unaopakwa ili upendeze hautoshi.

Naivasha ina vumbi jepesi la udongo wa volkano, na nyigu wa udongo hupenda kujenga ndani ya vitundu vya kutolea maji. Wavu wenye matundu madogo ukiwekwa kwenye mianya huzuia mbu na nyigu, lakini vumbi huuziba mapema. Wavu wa matundu makubwa hupitisha hewa vizuri na kuwakaribisha wadudu. Upi utumike upande unaokabili ziwa, na upi upande unaokabili barabara ya vumbi? Na fundi akishalipwa na kuondoka, ni nani atakayepanda ngazi kila kiangazi na brashi mkononi kuisafisha mianya hiyo, hasa katika nyumba ambayo mwenyewe huja wikendi tu?