Dawa ya Jicho Jekundu

Wenzetu wa saruji Tororo na wa malori pale Busia, jicho likiwa jekundu hukimbilia chupa ya dukani. Tuseme wazi: jicho jekundu si ugonjwa mmoja.

Vumbi la saruji huunguza. Osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda hospitali. Lakini upo ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hulishambulia jicho lenyewe kwa ndani. Jicho huuma, mwanga hauvumiliki, kuona kunafifia. Huo hutibiwa kwa steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya homoni ambayo mwili hujitengenezea katika tezi zilizo juu ya figo.

Steroidi hutuliza vita tu, haziui vijidudu. Jicho lenye kidonda cha virusi au kuvu likitiwa dawa hiyo, wekundu hupungua na mtu hufurahi, kumbe kidonda kinazidi kula kioo cha jicho. Tena ikitumika wiki nyingi inaweza kuleta mtoto wa jicho, au kupandisha presha ya jicho kimya kimya, dereva asione magari ya pembeni. Mshipa wa kuonea ukifa haufufuki.

Kwa hiyo soma chupa. Ukiona deksamethasoni na hukuandikiwa, iache. Aliyeandikiwa naye asiikatishe ghafla. Daktari huipunguza kidogo kidogo na kupima presha. Siku za kliniki chukua cheti. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 na ya Uganda ya 2006 zote zinatambua malipo ya siku za ugonjwa.